Kutambua VAM kwenye dola za Morgan: anza na tai, lenzi baadae

Wakuu, hii ni kwa wenye zile dola za fedha za Marekani za zamani, dola za Morgan, ambao wameshaambiwa "hiyo yako ni varaiti", yaani imetoka kwenye mihuri yenye tofauti yake ndogo (VAM ndo namba inayotambulisha jozi ya mihuri hiyo), afu wakabaki wanaigeuza geuza sarafu wasione kitu. Watu wananiletea niwaangalizie, na karibu kila anayeleta ameanzia pasipo: kachukua lenzi moja kwa moja anatafuta maajabu, kaona ka-ufa kadogo, kaona herufi ina kivuli, basi kwake keshapata shamba. Utaratibu wenyewe uko kinyume na hapo. Unaanza na vitu vikubwa vya kuonekana kwa macho matupu, unapunguza orodha, unapunguza tena, mpaka zimebaki chache ndo unashika lenzi na kutafuta alama ambayo tayari unajua inatakiwa ikae wapi.

Kwanza tuelewane kidogo hizi tofauti zinatoka wapi, maana ukielewa hapa huko mbele hutokuwa unakariri. Dola ya Morgan ilianza kugongwa Machi 1878, ikaenda mpaka 1904, ikarudi tena 1921. Sarafu inagongwa kati ya mihuri miwili ya chuma, mmoja wa kichwa cha Liberty, yule mwanamke anayewakilisha uhuru, na mwingine wa tai. Mihuri hiyo ya kazi inakandamizwa kutoka muhuri mama, na chuma ni kigumu kwahiyo kukandamiza mara moja hakutoshi, wanapasha moto kilainike, wanakandamiza tena. Sasa ni kama unagonga muhuri wa ofisi kwenye karatasi mara mbili na mara ya pili mkono umetikisika, picha inakuwa na pacha wake pembeni. Zaidi ya hapo, zama zile tarehe na herufi ya kiwanda havikuwemo kwenye muhuri mama. Fundi alikuwa anagongelea kwa mkono, muhuri mmoja mmoja. Moja inakaa juu kidogo, nyingine inalala kushoto, nyingine kakosea kafuta kagonga upya ila ya zamani bado inachungulia. Kila muhuri ukawa na tabia yake, na muhuri mmoja ulikuwa unatoa sarafu nyingi sana, kwahiyo tabia hiyo unaikuta ileile kwenye sarafu zote zilizotoka hapo.

VAM ni herufi za majina ya Van Allen na Mallis, wamarekani wawili waliokaa chini wakaipa namba kila jozi ya mihuri. Namba inaenda kwa mwaka na kiwanda, kwahiyo VAM-4 ya 1888 New Orleans haina undugu wowote na VAM-4 ya mwaka mwingine. Ukiona kuna herufi nyuma ya namba, mfano VAM-1A, maana yake mara nyingi ni mihuri ileile ila baadae ilipata ufa, au iligongana, au kitu kingine kikaongezeka.

HATUA YA 1: hakikisha ni dola kweli

Usiruke hii. Feki ni nyingi mno sikuhizi na baadhi zimetengenezwa kwa kufuata varaiti maarufu kabisa. Uzito wa halali ni gramu 26.73, upana milimita 38.1, fedha asilimia 90 na shaba 10. Iliyotembea sana mikononi itapungua kidogo, hiyo sawa, ila ikikuletea gramu 24 hapo hamna mjadala. Sumaku isiikamate. Mizani ya sonara inatosha, na kaliper (kile kifaa cha kupimia upana) hata ya bei rahisi.

Na usiisafishe. Sio kwa dawa ya meno, sio kwa magadi, sio kwa ndimu, sio kwa kitambaa. Shika ukingoni kwa vidole viwili juu ya kitu laini. Alama nyingi tunazotafuta ni vimistari vyembamba kuliko unywele, ukisugua umefuta ushahidi wenyewe afu bei nayo imeanguka.

HATUA YA 2: mwaka na kiwanda

Mwaka uko chini ya shingo ya Liberty. Geuza upande wa tai, tazama chini ya shada, juu ya nafasi iliyo kati ya D na O kwenye neno DOLLAR. S ni San Francisco, O ni New Orleans, CC ni Carson City, D ni Denver na kwa hizi za zamani hiyo ni ya 1921 tu. Pakiwa patupu ni Philadelphia. Angalia kwa taa nzuri kabla hujaamua patupu, kwenye sarafu iliyochakaa herufi inaweza kufifia, na wapo watu wabaya wanaoifuta au kuibandika makusudi ili mwaka wa kawaida ugeuke wa adimu.

Ukishapata mwaka na kiwanda, orodha ya mamia na mamia imeshakuwa ya mwaka mmoja tu. Bado haujagusa lenzi.

HATUA YA 3: tai ni toleo gani

Hapa ndo naomba ukae muda mrefu kuliko kwingine kote, haswa kama sarafu yako ni ya 1878. Mwaka ule ulikuwa vurugu. Tai wa mwanzo alitoka na manyoya 8 mkiani, zikagongwa karibu 750,000 hivi, wakubwa wakasema hapana, tai kwenye sarafu za Marekani siku zote amekuwa na manyoya ya idadi ya witiri, wakaamua yawe 7. Sasa mihuri ya manyoya 8 ilikuwa ishatengenezwa na serikali ilikuwa na haraka, sheria ilikuwa inawabana wagonge dola kila mwezi, kwahiyo mihuri mingine wakaikandamizia tai mpya juu ya wa zamani. Matokeo yake ni dola zenye manyoya 7 ila chini yake zinachungulia ncha za yale ya zamani.

Kwahiyo ukiwa na 1878 isiyo na herufi, hesabu manyoya. Yakiwa 8 umemaliza, uko kundi la kwanza. Yakiwa 7, weka taa pembeni afu tazama chini ya ncha za manyoya, kuna vijincha vingine vinatokeza? Vikiwepo upo kwenye 7 juu ya 8. Zingine vinaonekana wazi, zingine ni vidogo mno, usikate tamaa kwa mwanga wa kwanza, zungusha sarafu polepole chini ya taa.

Kama hamna kitu chini, bado kuna swali la pili. Tai ameshika fungu la mishale mitatu. Tazama manyoya ya ule mshale wa juu kabisa. Yamelala sambamba na mti wa mshale? Hilo ni toleo la 1878, na ukitazama kifua cha tai utaona kiko bapa, kama kimebonyea. Manyoya yamekaa mshazari na kifua kimejaa duara? Hilo ni toleo lililokuja kuitwa la 1879 ingawa lilianza kutumika 1878 hiyohiyo. Vitu viwili hivyo, mshale na kifua, vinatakiwa vikubaliane. Kimoja kikisema hivi na kingine vile basi hujaangalia vizuri, au sarafu imechakaa kifuani na unadhani ni bapa kumbe imelika tu. Sarafu iliyolika mimi naamini mshale kuliko kifua, kifua kiko juu kinaisha haraka.

Sio 1878 peke yake. Mihuri ya tai wa zamani ilibaki kwenye makabati ikatumika baadae, ndo maana kuna 1879 ya San Francisco yenye tai wa 1878 na ipo 1880 ya Carson City hivyohivyo. Hizi ni tofauti za kuonekana kwa macho na zina pesa nzuri kuliko nyufa zote utakazohangaika nazo. Kuanzia 1900 kuna toleo lingine tena la tai, nafasi kati ya shingo na bawa imekuwa pana zaidi, na zile za 1921 ni mihuri mama mipya kabisa kwasababu ya zamani ilishaharibiwa 1910, ndo maana 1921 zinaonekana flati flati hivi hazina uhai.

HATUA YA 4: tarehe, na sasa chukua lenzi

Lenzi ya sonara ya mara 10 inatosha. Watu wanakimbilia mikroskopu ya USB ya kukuza mara mia ngapi sijui, inakuonyesha kila kovu kwa ukubwa wa mlima na unapoteza picha nzima. Mikroskopu mi natumia kupiga picha tu, kutafutia situmii.

Kwenye tarehe unauliza mambo mawili. La kwanza ni mahali ilipokaa. Pembezoni mwa sarafu kuna vijino vidogo vimezunguka, tazama mguu wa kushoto wa ile 1 ya mwanzo uko juu ya kijino gani, au kati ya vipi. Tarehe nzima iko juu karibu na shingo au imeshuka kuelekea vijino? Imeinama upande? Andika chini. Hii inaonekana haina maana sasa hivi ila ndo itakayokuokoa mwishoni ukibaki na namba tatu zinazofanana.

La pili, kuna tarehe nyingine chini yake? Namba juu ya namba. 1880 ndo mwaka wake huu, mihuri ya 1879 ambayo haikutumika ilibadilishwa. Tazama ndani ya matundu ya ile 8 ya pili, unatafuta mabaki ya 7. Kwenye 1880 za Carson City mabaki hayo ni makubwa kabisa, za viwanda vingine unaweza kukuta kijialama tu juu ya 8. 1887 nayo ipo ya 7 juu ya 6, Philadelphia na New Orleans, unatazama chini ya mguu wa 7 kama kuna mkunjo wa 6 unatokeza pande mbili. Kama unaona kitu ndani ya namba jiulize kina umbo la namba au ni donge tu? Donge ni donge, lipotezee.

HATUA YA 5: herufi ya kiwanda

Vilevile, mahali, mwinamo, ukubwa, na kama kuna nyingine chini. 1878 ya Carson City ina CC zilizobanana na CC zilizoachana. 1903 ya San Francisco ipo yenye S ndogo kuliko inavyotakiwa. 1882 ya New Orleans kuna O iliyogongwa juu ya S. Na ile ninayoipenda mimi ni 1900 ya New Orleans ya O juu ya CC. Carson City iliacha kugonga dola 1893, ikaja kuvuliwa rasmi hadhi ya kiwanda cha sarafu 1899, mihuri ya tai iliyokuwa imebaki yenye CC ikafanyiwa kazi ikapelekwa New Orleans na O juu. Ukiweka taa pembeni unaona vipembe vya C vinatokeza kulia na kushoto ya O, na kwenye mihuri mingine vinaonekana vizuri sana hata kwenye sarafu iliyotumika.

Kuna O ndogo pia, na hapa tahadhari. 1899 ya New Orleans yenye O ndogo ni halali, fundi alitumia chuma cha herufi cha sarafu ndogo. Ila 1896, 1900 na 1902 zenye O ndogo ni bandia. Na sio bandia za juzi, ni za zamani, zilitengenezwa zikaingia mtaani zikatumika na watu, na kwa miaka mingi hata makampuni ya kupima yalizipitisha mpaka 2005 ndo zikagundulika. Zina wakusanyaji wake siku hizi, ila usimuuzie mtu kwa jina la dola halali.

HATUA YA 6: pacha, na hapa ndo vilio vyote

Ukiona herufi au namba ina pacha usifurahi bado. Kuna pacha wa aina mbili. Mmoja yuko kwenye muhuri wenyewe, huyo ndo tunamtaka. Mwingine anatokea pale muhuri umelegea kwenye mashine na unateleza kidogo wakati wa kugonga, huyo hana thamani yoyote maana kila sarafu ilimpata kivyake. Nakadiria wengi wanaoniletea "pacha" wameleta wa mashine.

Kuwatofautisha: pacha wa mashine ni bapa, ni kama ngazi au rafu iliyobinywa pembeni ya herufi, inang'aa, na ukipima kwa macho herufi yenyewe imekonda kwasababu chuma kimesukumwa kutoka kwake. Pacha wa muhuri ana mwili, ana mgongo wa duara kama herufi yenyewe, kwenye kona za herufi unaona kumegawanyika mkia mara mbili na katikati kuna ka-mfereji, na herufi kwa ujumla imenenepa. Tazama kona. Sio katikati ya herufi, kona, pale vile vimikia vya herufi vinapoishia.

Wa kujifunzia ni 1888 ya New Orleans VAM-4, wamarekani wanaiita Hot Lips. Midomo ya Liberty ni miwili miwili, pua na kidevu navyo, unaona bila lenzi, na nyingi zimetumika sana ila bado kinaonekana. Upande wa tai kuna 1901 ya Philadelphia VAM-3, tai amehama kabisa, mkia una pacha mkubwa. Tafuta picha kubwa za hizo mbili uzitazame mpaka macho yazoee pacha halali anakaaje, afu rudi kwenye sarafu yako. Utagundua chako ni rafu ya mashine, pole.

HATUA YA 7: nyufa, mikwaruzo, mihuri kugongana

Hapa napita haraka. Kanuni moja tu: kitu kilichoharibika kwenye muhuri kinatokea kimeinuka kwenye sarafu. Ufa wa muhuri unakuwa mstari ulioinuka. Mkwaruzo wa muhuri unakuwa mstari ulioinuka. Ikiwa mstari umezama ndani basi hiyo ni sarafu ilikwaruzwa na watu, haituhusu. Huwezi kuamua kinachoinuka na kinachozama kwa taa moja, macho yanadanganya, geuza mwanga upande wa pili uone kivuli kimeangukia wapi.

Nyufa nyembamba zipo kwenye dola nyingi sana na hazina kitu. Kuna chache kubwa zilizopata jina, mfano Scarface, 1888 ya New Orleans tena, VAM-1B, ufa umempita Liberty usoni.

Kugongana ni pale mihuri imekutana bila sarafu katikati, mmoja unaachia picha yake kwa mwenzake. Utaona mistari ya ajabu uwanjani, yaani sehemu tupu ya sarafu isiyo na picha, inayofuata umbo la upande mwingine. Ya kutafuta haswa ni E. Neno LIBERTY kwenye utepe wa kichwa limezama kwenye sarafu, maana yake kwenye muhuri limeinuka, kwahiyo likigonga muhuri wa tai linaacha shimo na sarafu zinazofuata zinatoka na E imeinuka chini ya mkia wa tai. Zipo za 1886 Philadelphia, zipo za 1889 New Orleans. Ukiona mgongano wa kawaida usio na herufi weka pembeni tu.

HATUA YA 8: ukingo

Wengi hawageuzi ubavu kabisa. Kwa 1921 za Philadelphia geuza. Za kawaida zina mistari 189 kuzunguka, ila zipo zenye 157, mistari imeachana kiasi kwamba ukiiweka karibu na ya kawaida unaiona bila kuhesabu. Kama huna ya kulinganishia, funga kipande cha uzi mahali pa kuanzia, piga picha ubavu kwa vipande, hesabu kwenye simu. Inachosha, ndio.

HATUA YA 9: kulinganisha

Sasa una karatasi yenye mwaka, kiwanda, toleo la tai, tarehe ilipokaa, herufi ilipokaa, na chochote ulichokiona. Ndo unafungua orodha ya VAM za mwaka huo na kiwanda hicho. Futa zote ambazo toleo la tai halilingani. Futa zenye tarehe iliyokaa kwingine. Zilizobaki ndo unalinganisha picha kwa picha, sarafu yako na picha ziwe zimeelekea upande mmoja na taa ikitoka upande mmoja, la sivyo hata sarafu ileile itaonekana mbili tofauti.

Mimi sikubali namba mpaka nipate alama tatu ambazo hazitegemeani, na walau moja iwe upande wa pili wa sarafu, kwasababu VAM ni jozi. Muhuri mmoja wa tai unaweza kuwa uliolewa na vichwa viwili vitatu tofauti, ukiangalia tai tu umepata nusu ya jibu. Na alama ikikosekana jiulize kama ilitakiwa iwepo kweli. Vimikwaruzo vya kung'arishia muhuri vinafutika kadri muhuri unavyofanya kazi, ufa unakua haupungui, kwahiyo sarafu yenye ufa mfupi kuliko wa kwenye picha inaweza kuwa ya mapema toka muhuri uleule. Ila tarehe haihami. Tarehe ikikataa, namba imekataa hata kama alama nyingine kumi zimekubali.

Kuna mtu atauliza mbona sijasema zile reale za Maria Theresa walizokuwa wakihesabia wazee wetu Unguja na Muscat. Zile nazo zina mihuri tofauti, tena ni kazi kubwa zaidi kwasababu zote zimeandikwa 1780 hata zilizogongwa London au Roma miaka ya 1930, kwahiyo hatua ya 2 yote inakufa. Njia ya kupunguza kutoka kikubwa kwenda kidogo ni ileile ila alama ni zake, hiyo niachieni siku nyingine.

Mara nyingi jibu litakuwa VAM-1, yaani mihuri ya kawaida, au namba fulani isiyo na bei yoyote ya ziada juu ya fedha yake na hali yake. Ndo ilivyo, namba zipo maelfu na zenye soko kweli ni chache. Ukiwa na uhakika ni mojawapo ya hizo chache, hapo sasa ndo inafaa kuilipia ikapimwe na ifungwe kwenye boksi la plastiki lenye namba, kabla ya hapo unachoma hela ya posta. Zilizobaki andika namba kwenye karatasi ya nje ya kijimfuko, tarehe uliyoangalia na zile alama tatu ulizoziona, na kijimfuko chenyewe kisiwe cha ile plastiki laini ya PVC, baada ya muda inatoa utandu wa kijani juu ya fedha.